Korea ilinunua treni pamoja na ujuzi wake, nasi tudai hivyo hivyo

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Busan, kusini mwa Korea, na kila ninapopanda KTX za mwanzo, yaani treni za kasi za Korea, kwenda Seoul huangalia kwanza namba ya kiti. Katika daraja la kawaida la treni hizo viti havigeuki: nusu ya abiria huelekea mbele na nusu huelekea nyuma, wakakutana uso kwa uso katikati ya behewa. Ukiangukia upande wa nyuma, milima inakupita kinyumenyume kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa, na wapo wazee wanaofumba macho safari nzima ili wasipate kizunguzungu. Mpangilio huo umetoka Ufaransa, maana KTX ya kwanza ni TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, iliyorekebishwa ili iuzwe Korea.

Marekebisho yalikuwa makubwa. Treni iliyochukuliwa kama mfano ilikuwa na mabehewa manane ya abiria kati ya vichwa viwili, ilhali Wakorea walitaka mabehewa 18 yenye viti 935, na kwa kuwa vichwa viwili peke yake visingeumudu mzigo huo, behewa la abiria lililo jirani na kila kichwa nalo likafungwa mota. Viti havikuguswa, na malalamiko yakaanza tangu safari za kwanza mwezi Aprili 2004.

Hata hivyo, ninaloliheshimu zaidi limo ndani ya mkataba wenyewe uliotiwa saini mwaka 1994. Kati ya treni 46 zilizoagizwa, 12 ziliundwa Ufaransa na 34 zikaundwa hapa Korea, na muuzaji akabanwa akabidhi michoro na kufundisha mafundi. Kwa hiyo abiria walipolalamikia viti, hapakuwa na haja ya kumbembeleza mtu wa mbali: mwaka 2010 ilipoanza KTX-Sancheon, iliyobuniwa na Wakorea wenyewe, viti vyake vilikuwa vinageuka. Mwaka 2024 nchi hiyo iliyokuwa mnunuzi ikasaini mkataba wa kuiuzia Uzbekistan treni za kilomita 250 kwa saa, zenye magurudumu ya kutoshea reli pana ya milimita 1520 inayotumika kule.

Naandika haya kwa sababu treni zetu za umeme za SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, zimetoka kwa watengenezaji hao hao wa Korea. Kiwanda cha Hyundai Rotem kipo Changwon, jirani kabisa na Busan, na treni zilizoundwa kwa ajili ya Tanzania zilibidi zifuate mahitaji yetu, kuanzia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde badala ya 60 ya Korea. Kasi yake ni kilomita 160 kwa saa, ambayo hapa Korea haihesabiwi kuwa kubwa, lakini kwa sisi tuliozoea basi la alfajiri ni mabadiliko yanayogusa maisha.

Nilipokwenda likizo nilipanda mojawapo ya treni hizo, maarufu kama Mchongoko, na mama yangu kutoka Dar es Salaam hadi nyumbani kwetu Dodoma, umbali unaokaribiana na ule wa Busan hadi Seoul. Kwa basi safari hiyo ilimchukua siku nzima, akafika miguu imevimba. Safari hii alivua viatu, akaketi dirishani, na tulipotokeza kwenye mahandaki ya Kilosa akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii ikiharibika anaitengeneza nani?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Swali lake ndilo ninalotaka liulizwe na kila Mtanzania. Najua wapo watakaosema kwamba Korea ya mwaka 1994 ilikuwa tayari ina viwanda vya chuma, meli na magari, na kwamba oda yetu ni ndogo mno kumlazimisha muuzaji akabidhi michoro. Hoja hiyo ina uzito, na sidai kwamba kesho tuunde treni nzima Kibaha. Lakini reli inaendelea kujengwa kuelekea Tabora, Mwanza na Kigoma, na kila kipande kitahitaji treni zaidi, kwa hiyo nguvu ya kujadiliana tunayo kabla ya kusaini, na baada ya kusaini inakwisha. Tuanze na yale yaliyo ndani ya uwezo wetu: viti, milango, mifumo ya kupooza hewa na nyaya za ndani ya mabehewa vifungwe nchini na mikono ya Watanzania, ukarabati mkubwa ufanyike nyumbani, na vijana wa chuo cha reli cha Tabora waje Changwon kufanya kazi kiwandani kwa miaka miwili au mitatu, si ziara ya wiki mbili ya kupiga picha. Yote hayo yaandikwe kwenye mkataba, yawe na tarehe na adhabu, kama Wakorea walivyowafanyia Wafaransa.