Spirit moja, maneno kumi: nani kati yetu mwenye shida?

Nilikuwa kwenye semina moja ya kikazi hotelini, zile za siku tatu ambazo mnakula kuliko mnavyojifunza, bosi mgeni akasimama kufungua, akatabasamu, akasema "I love the spirit in this room". Mkalimani, kijana wa watu, wala hakusita, "naipenda sana roho iliyomo humu ndani". Kimya. Mama mmoja wa uhasibu meza ya nyuma yetu akanong'ona "roho gani tena hiyo, ishindwe", tukavunjika mbavu, na bosi akadhani tumefurahia salamu zake.

Wakati wa msosi ubishi ukaanza. Jamaa mmoja akasema tatizo ni Kiswahili chetu, hakina neno la spirit, ndo maana kijana kaumbuka. Mzee mmoja aliyewahi kufundisha Kiswahili akawaka, akasema wavivu ni Waingereza, neno moja wamelibebesha Mungu, mizimu, pombe, morali ya timu na dawa ya kusafishia kidonda, halafu sisi wenye neno kwa kila kitu ndo tunaitwa maskini wa lugha. Mi huwa nafanya vibarua vya kutafsiri, kwa hiyo ule ubishi haujanitoka kichwani mpaka leo, na kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na hoja na wote wawili walikuwa wanadanganya kidogo.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Neno wamelitoa kwenye Kilatini, spiritus, maana yake pumzi, na hiyo pumzi ukishaijua unaiona kila mahali, "inspire" ni kumpulizia mtu kitu ndani, "expire" ni kutoa pumzi ya mwisho, "respiration" ni kupumua, hata "conspire", kula njama, asili yake ni kupumua pamoja, yaani watu wameinamiana wananong'ona mpaka pumzi zinagongana. Toka kwenye pumzi kwenda kwenye uhai ni hatua moja tu, asiyepumua kafa, na toka kwenye uhai kwenda kwenye kile kinachobaki mtu akishakufa ni hatua nyingine, hapo ndo mizimu inaingia. Upande wa hali ya mtu nao hivyo hivyo, mwenye pumzi nyingi kachangamka yuko "in high spirits", aliyenyong'onyea yuko "in low spirits", na ukichukua uchangamfu wa watu wengi kwa pamoja unapata "team spirit".

Pombe je? Hii ndo watu wanaiona kituko lakini ina maelezo. Wale wataalamu wa zamani wa alkemia walikuwa wanachemsha vitu na kukinga mvuke wake, na ule mvuke wakauona kama ndo pumzi ya kile kitu, sehemu yake nyepesi na kali iliyojificha ndani. Ukichemsha mvinyo ukakinga mvuke ukaupoza unapata spirit ya mvinyo. Asidi ya haidrokloriki nayo waliiita spirit ya chumvi. Baadaye zile za asidi zikafifia, zikabaki za kunywa, za hospitali na za mafundi rangi, ingawa Nigeria mpaka leo nyaraka za serikali zinaita petroli PMS, na hiyo S ni spirit. (Tukiwa hapo hapo, neno alkoholi nalo limetoka Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja. Kwa hiyo kabla hujawacheka Waingereza kwa kuita pombe pumzi, jua kuna watu pombe wameipa jina la unga wa kupaka machoni.)

Kwenye saiti ya ujenzi ndo nilipenda zaidi. Kile kifaa cha fundi cha kuangalia kama ukuta umenyooka, chenye kichupa cha maji ya kijani na kipovu kinachotembea, Mwingereza anakiita "spirit level" kwa sababu ndani kuna spirit, haigandi kirahisi kwenye baridi na kipovu kinaserereka vizuri. Fundi wetu anakiita pimamaji. Hakuna maji mle! Lakini fundi huyo huyo akiwa na msingi mrefu anachukua mpira, anaujaza maji, msaidizi ashike huku na yeye kule, anasoma usawa kwa maji kweli kweli. Nilipomwambia fundi wangu kwamba ile ya kwake ndani ina jamii ya pombe akakigeuza geuza, akakinusa, akasema "ndo maana kipovu kinayumba". Sasa pimamaji ni tafsiri mbovu? Hata kidogo. Ni bora kuliko kifaa chochote ambacho kamati ingekiita "kipima roho".

Hapo upande wa mzee wetu una nguvu. Kiswahili ukikiachia watumiaji kinajipatia neno kulingana na kazi. Team spirit ni morali au ari. Public spirit ni uzalendo, au moyo wa kujitolea. Kenya walipotaka kusema "spirit of Harambee" wakasema moyo wa Harambee na kila mtu akaelewa. Dukani unaomba spiriti ya kidonda, hakuna muuzaji atakayekuuliza ni ya malaika au ya mizimu. Kwa Mwingereza msomaji ndo anaachiwa mzigo wa kujua ni spirit ipi, na wakati mwingine hata wao wanakwama. Angalia Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, kile kitabu chake cha 1807 kuhusu Geist, neno la Kijerumani lililo ndugu na "ghost", tafsiri moja ya Kiingereza ya 1910 ikaliita "Mind", akili, na nyingine ya 1977 ikaliita "Spirit", kitabu kile kile. Au ule msemo wa mchumi Keynes wa 1936, "animal spirits", alipokuwa anaeleza kwamba mfanyabiashara anawekeza kwa msukumo wa ndani na wala hakai kupiga hesabu zote. Ukitafsiri kwa pupa unapata "roho za wanyama", msomaji anaenda kutafuta mganga. Kumbe wanyama hawamo, ile "animal" inarudi kwenye anima ya Kilatini, uhai au nafsi, ni lugha ya matabibu wa zamani walioamini kuna kitu chepesi kinapita kwenye mishipa kikitusukuma kutenda.

Hata kanisani walibadilisha. Biblia yao ya 1611 kwa sehemu kubwa inasema "Holy Ghost", baadaye ghost ikaangukia kwenye mizuka na shuka nyeupe, ikabidi waje kwenye "Holy Spirit". Kwa hiyo anayesema Kiingereza kimetulia, sisi ndo tunatapatapa, aende taratibu.

Sasa tugeuke nyumbani, maana mzee naye alijificha kitu. Kiswahili chenye neno kwa kila kitu? Haya, tafsiri "roho" kwa Kiingereza. Roho mbaya ni uchoyo na husuda, na roho ya korosho ni hiyo hiyo ila imepakwa utani. Roho ya paka ni ya mtu asiyekufa upesi. Kukata roho ni kufa, sawasawa na "expire". Roho juu ni wasiwasi, roho mkononi ni hofu yenyewe. Roho inaniuma, hapo daktari hana la kufanya. Na kwenye kamusi roho ni koo pia, pale chakula kinapopita. Mwingereza akikaa na hiyo orodha atakuja na mzee wake mstaafu kulalamika kwamba Waswahili ni wavivu, neno moja wamelibebesha Mungu, koo na korosho.

Na bado hatujagusa pepo. Wingi wa upepo ni nini? Ni pepo. Pepo za kusi, pepo za kaskazi, baharia wa zamani alikuwa anasema hivyo bila kuogopa. Pepo huyo huyo ndo anampanda mtu akaanza kusema kwa sauti isiyo yake, ndo anayepungwa kwa ngoma, ndo yumo kwenye jina la pepopunda, na wakati huo huo Muislamu anaomba Mungu amjaalie Pepo, tukazane kwenda Peponi. Upepo, jini na bustani ya milele, mzizi unasikika ule ule. Kama Kilatini kilitoka kwenye pumzi sisi tulitoka kwenye upepo, safari ile ile, hatukuhitaji kufundishwa na mtu.

Hapa ndo kwenye moyo wa hoja yangu. Kwenye Agano Jipya Kigiriki kina neno moja, pneuma, ni upepo, ni pumzi, ni roho. Angalia Biblia yetu ya Union ilivyoligawa. Yohana 3:8, "Upepo huvuma upendako", na mwisho wa mstari huo huo "kila mtu aliyezaliwa kwa Roho", kwa Kigiriki ni pneuma kote kuwili, Yesu anacheza na neno, kwetu mchezo umekatika. Kisha Marko 1:23, mtu ndani ya sinagogi mwenye "pepo mchafu", pneuma tena! Yaani la Mungu likapewa neno la Kiarabu, roho, na la uchafu likapewa neno letu wenyewe, pepo, la hewani likabaki upepo. Anayetetea anasema ni uamuzi wa busara, muumini wa kawaida asichanganyikiwe nani ni nani, hakuna mtu anataka kusimama madhabahuni akiomba pepo amshukie, na nakubali, kwa sikio la leo ingekuwa balaa. Lakini gharama ipo. Neno la asili, likitaja kiumbe, likashushwa likawa la shetani, na Mkristo wa Kiswahili akisoma ule mstari wa upepo haoni kwa nini Yesu aliingiza habari za hewa katikati ya mazungumzo ya kuzaliwa mara ya pili.

Majirani walijaribu njia nyingine. Waganda wanasema Mwoyo Mutukuvu, na ukisikia mwoyo unamsikia moyo wetu kabisa. Rwanda Waprotestanti wana Umwuka Wera, na umwuka ni pumzi, hewa, wakati Wakatoliki wao wana Roho Mutagatifu, neno lile lile la kwetu. Nchi moja, makanisa jirani, pumzi huku na roho kule. Wale wa umwuka naona ndo walioshinda hii, ila sitegemei mtu yeyote abadilishe sala kwa ajili yangu.

Kwenye sheria ndo mambo yanakuwa ya hela na jela. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 20, inaitaka mahakama ikitafsiri Sheria ya Haki, ile sura ya haki za watu, iendeleze "the spirit, purport and objects" zake. Tanzania nako tangu 2021 sheria imekipa Kiswahili nafasi ya lugha ya mahakama, kwa hiyo hii si stori ya wasomi tena, kuna karani mahali anatakiwa kuandika. Aandike nini? Wengine wanasema dhamira ya sheria, wengine madhumuni, wengine kiini. Upande wa usahihi uko wazi, dhamira inaeleweka na mtu mzima wa Kigoma na wa Lamu. Lakini hapa mi nahama kambi, naipigia kura roho ya sheria. Kwanza kwenye ile ya Kenya ukiandika madhumuni kwa spirit utaandika nini kwa "objects"? Pili wasomaji wetu wengi tayari wanayo ile ya Paulo kwa Wakorintho, "andiko huua, bali roho huhuisha", na huko ndo msemo wa roho ya sheria ulikotoka, herufi upande mmoja na roho upande wa pili. Dhamira haihuishi mtu.

Kinachonikera ni ile "kwa roho ya ushirikiano" inayojaa kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Aliyeandika alikuwa na "in the spirit of cooperation" mezani, akaona spirit akaweka roho kama anabadilisha balbu. Kiswahili kina "kwa moyo wa ushirikiano", na mara nyingi hata hiyo haihitajiki, sema "kwa kushirikiana" uende zako.

Kuna mahali kweli hatuwafikii, lazima nikiri. Chupa ya Konyagi imeandikwa "The Spirit of the Nation". Pombe kali ya taifa, roho ya taifa, vyote kwa pamoja ndani ya maneno matano. Jaribu kwa Kiswahili. "Roho ya taifa" inapoteza pombe, "kinywaji kikali cha taifa" inapoteza roho na wateja. Ingawa maisha yenyewe yametania zaidi ya lebo, kwenye ngoma ya kibuki pale Zanzibar, ile yenye asili ya Bukini, yaani Madagaska, masheitani wakipanda vichwani kinywaji chao kinachojulikana ni brandi. Spirit anakunywa spirit, na shughuli nzima inaendeshwa na watu wanaoongea Kiswahili.

Kijana mmoja wa kwenye mitambo ya sauti alitusikia tukibishana pale mezani, akaweka sahani chini akasema jamani mbona mnateseka, si angesema tu "mzuka uliomo humu nimeukubali". Nikaganda. Mzuka! Kitu kinachokutokea usiku makaburini, vijana wamekichukua wamekifanya uchangamfu, mzuka umepanda, safari ile ile ya spirit toka kwa wafu mpaka kwenye shangwe, na hakuna baraza lililokaa kuipitisha. Mzee mstaafu alikataa kwamba hicho ni Kiswahili, jamaa wa kwanza akasema si alisema hatuna neno, wakaanza upya.

Nikageuka kumwangalia yule mama wa uhasibu. Alikuwa ameshaacha kula, anatingisha kichwa, na mdomo ulikuwa unasema ishindwe kwa mara ya pili.