Makapi Mawili na Shemeji Mmoja

Nilipostaafu, nilidhani adui wangu atakuwa shinikizo la damu. Kumbe ni mashine ya dizeli ya kilo 120 iliyomo ndani ya mashua yangu hapa Pangani, ambayo kila baada ya miezi michache hudai kutolewa ipelekwe kwa fundi. Kwa utaratibu wa shemeji yangu, kazi hiyo hufanywa na vijana wanane, mpiko mmoja na kelele za "Harambee!", kisha vijana hao huketi kula mihogo ya nazi kwa gharama yangu. Safari iliyopita mmoja wao alikula huku kidole chake cha mguu kimevimba kama kiazi.

Nikaamua kutumia makapi, yaani vile vifaa vyenye magurudumu ya kupitishia kamba ya kunyanyulia mzigo, kama mabaharia wanavyopandisha foromali, ule mti unaoshika tanga. Nilimtuma mjukuu wangu dukani akanunue makapi mawili, akarudi na mfuko wa pumba za kuku. Sikumlaumu mtoto, niliilaumu lugha, nikaenda mwenyewe.

Shemeji alishauri kwamba kapi moja lingetosha. Nilimweleza kuwa kapi moja lililofungwa juu kwenye boriti halipunguzi uzito hata kidogo, bali hugeuza tu upande wa kuvutia, na kwamba boriti hubeba karibu mara mbili, kwa kuwa hubeba mashine pamoja na nguvu za anayevuta. Naye akanijibu kwamba boriti ni ya mkoko. Makapi mawili yenye roda (magurudumu ya ndani) mbili mbili, kwa upande mwingine, huugawa mzigo katika mikondo minne ya kamba, kila mmoja kilo 30, na hata ukiongeza msuguano, ambao hutoza kodi yake hasa pale roda zisipoonjeshwa grisi, mzee kama mimi bado anaweza.

Ila makapi hayatoi sadaka: unafuu wa uzito hulipwa kwa kamba. Kutoka boritini hadi kwenye mashine ni mita 3, ambazo mara nne ni mita 12, kabla hujapata ncha ya kushika, nami kwa ubahili nilinunua mita 10. Kapi la chini likabaki kuning'inia hewani, likiitazama mashine. Shemeji akataka tuunge kamba ya kuanikia nguo. Nilimfahamisha kwamba fundo halipiti kwenye roda, tena huipunguzia kamba sehemu kubwa ya nguvu zake. Dada yake, mwenye kamba ya nguo, alimfahamisha kwa maneno machache zaidi.

Kesho yake tukaja na mita 20. Kuipandisha mashine mita moja na nusu kulinidai kuvuta mita 6, hivi kwamba watazamaji waliokuja na vikombe vya kahawa waliona kamba ikirundikana miguuni pangu huku mashine ikipanda kwa maringo ya bibi harusi. Shemeji alikuwa na jukumu moja tu: kupitisha mbao mbili juu ya kingo za mashua ili tuitue mashine, bila kuingiza mkono wala kichwa chini ya mzigo. Simu yake ikalia, akapokea.

Sikujifunga kamba mkononi, maana vidole vyangu bado navihitaji. Niliizungusha mara tatu kwenye nguzo, na kwa msuguano ule ule niliokuwa nikiulaani, nikaizuia mashine kwa mkono mmoja, nikimsikiliza shemeji akimsimulia mtu jinsi alivyobuni mpango wa kutumia makapi.