Pepa moja ya maana ama kumi za kujaza fomu?

Jana baada ya isha tulikuwa barazani pale Makadara, Mombasa, mpwa wangu ndo kamaliza PhD ya fizikia, akatutolea fomu ya kuombea kazi ya uhadhiri, upande wa machapisho kuna mistari 10 na yeye ana pepa moja tu. Mzee mmoja alofundisha sekondari miaka mingi akamwambia hapo mwanangu bado. Mie nkauliza, kwani Peter Higgs alikuwa nazo ngapi? Basi ubishi ukawaka mpaka dele likakauka.

Higgs, kwa asomjua, alikuwa akifundisha fizikia chuo kikuu cha Edinburgh, Scotland. 1964 aliandika pepa mbili fupi kueleza vipi chembe ndogondogo hupata masi. Ya pili ikakataliwa na jarida ambalo mhariri wake alikuwa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia kule Uswisi, akaongeza maneno kidogo akaipeleka Marekani ikachapwa, na yale maneno ya kuongeza ndo yalotaja chembe mpya ambayo CERN hao hao walikuja kutangaza wameiona tarehe 4 Julai 2012, mwaka uliofuata akapewa Nobel yeye na François Englert wa Ubelgiji. Baada ya 1964 pepa zake hazikufika 10. Mwenyewe alisema kwa mambo ya siku hizi hakuna chuo kingemwajiri, idara ikitaka orodha ya alochapisha karibuni alikuwa anajibu hana.

Mzee lakini alikuwa na neno, na neno zito. Akasema mkiacha kuhesabu mtapima kwa nini, kwa jina la baba? Hapa kwetu nafasi ni moja maombi ni rundo, namba angalau haijui wewe ni wa Nyali ama ni wa Likoni. Hapo nlinyamaza manake ni kweli, kujuana kumemaliza vijana wetu wangapi. Na Higgs ni mmoja, wako wengi wasochapisha kwa sababu hawafanyi kazi.

Ila namba nayo hudanganya. Jan Hendrik Schön, mwanafizikia wa maabara ya Bell Labs kule Marekani, 2001 alikuwa anatoa pepa kama moja kila siku nane, watu wanamshangilia, 2002 kamati ikakuta data ya kupika, grafu za majaribio tofauti zina mikwaruzo ile ile. Na 2015 CERN walitoa pepa moja yenye waandishi 5,154, kurasa 33 na 24 kati ya hizo ni majina na taasisi tu, sasa hiyo utampa nani pointi?

Halafu kuna kazi haziharakishwi. Bamvua na maji mafu mvuvi yeyote anayajua kwa mwezi, lakini mwezi wa angani una mzunguko mwingine mrefu, nao husukuma maji, huo ni miaka 18.6, alochagua kuupima huo atajaza mistari 10 lini?

Mie naona tuhesabu kwa kuchuja tu, wakibaki wachache kila mtu aweke pepa yake bora na jopo liisome, liisome kweli. Inachosha, najua.

Mwisho mzee akamwambia kijana haya tusomee hiyo yako. Ni ya chumvi ya bahari inavyokula umeme wa paneli za sola, miezi 11 alikuwa anapanda juu ya dari na mita yake, kusi mpaka kaskazi. Mzee akavuta kiti karibu akamuuliza, yangu ya pale nyumbani niioshe kila baada ya siku ngapi?