Usihesabu Maiti: Uhai na Kifo katika Riwaya za Kezilahabi

Chambuzi nyingi za riwaya za Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, huanza kwa kuhesabu wahusika wakuu waliokufa. Rosa kajiua, Kazimoto kajiua, Tumaini kahukumiwa kunyongwa. Basi mwandishi huyu ni mtu wa kukata tamaa, piga mstari, nenda swali linalofuata. Hesabu yenyewe haina kasoro. Kasoro iko kwenye jibu linalotolewa. Ukizisoma riwaya hizi kwa mfuatano wa miaka, kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Mzingile (1991), utaona kifo kinahamahama. Mwanzoni kinakuja mwishoni mwa kitabu kufunga kesi ya mtu mmoja. Baadaye kinakaa mlangoni, na msimuliaji hawezi kuianza safari bila kupita kwake. Huko kuhama ndiko kunakostahili wino wa mchambuzi.

Rosa, mhusika mkuu wa Rosa Mistika, ndiye anayesomwa vibaya kuliko wote. Usomaji wa mazoea unasema: huyu ni binti aliyeteleza akaishia pabaya, wasichana wajifunze. Hebu fuata mnyororo pete kwa pete. Zakaria, baba mlevi, anakuta binti yake ameandikiwa barua na Charles, anampiga. Kipigo kile hakimfundishi Rosa chochote kuhusu wanaume isipokuwa kuwaogopa. Anaingia shule ya sekondari akiwa amejaa woga badala ya maarifa, na woga ukishapasuka hakuna kitu chini yake cha kumshikilia. Charles anaporudi baadaye kutaka kuoa, anakagua usichana wake kama anayekagua mali, kisha anaondoka. Kifo cha Rosa hakikuanza siku ile. Kilianza nyumbani kwao, Ukerewe, kwa barua ile.

Ingekuwa riwaya ya mawaidha matupu, ingeishia makaburini. Kezilahabi anaongeza baraza jingine: Rosa na baba yake wanashtakiana mbele ya Mungu. Tukumbuke nani anaandika. Ni kijana aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kupitia seminari, katika zama ambazo Kanisa lilimhesabu anayejiua kuwa mtenda dhambi kubwa asiye na cha kujitetea. Yeye anampa mtu huyohuyo haki ya kuwa mlalamikaji. Tena jina la kitabu ni sifa mojawapo ya Bikira Maria katika Litania, sala ya Wakatoliki ya kumwomba kwa kuzitaja sifa zake. Mchambuzi asiyegusa baraza lile amekisoma kitabu nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hoja. Si ajabu kwamba kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Lakini watu walikodolea macho mambo ya vitandani wakaisahau kesi.

Kichwamaji (1974) inahitaji subira zaidi. Neno lenyewe tunalitumia kila siku kwa mtu mkaidi, asiyeshika la mkuu wala la mdogo. Ndani ya riwaya linakuwa pia jambo la kuonekana kwa macho: mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kuliko kawaida, kwa sababu ya ugonjwa ambao wazazi wameambukizana. Kwa hiyo neno moja linabeba maradhi ya mwili na maradhi ya fikra, na kifo hakimngoji mtu azeeke. Kinamkuta kwenye kuzaliwa. Sijui kama kuna taswira kali zaidi ya hiyo katika riwaya ya Kiswahili ya miaka ya 1970: kizazi cha wasomi wa uhuru kinapata mtoto, na mtoto ndiye habari mbaya.

Jambo la kiufundi linalopitwa ni la sauti. Kichwamaji inasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na anayesema "mimi" ni Kazimoto. Msimuliaji wa namna hii anaweza kutusimulia yaliyompata dada yake Rukia, anaweza kusimulia uchungu na kisasi chake kwa Manase aliyempa Rukia mimba, lakini kifo chake mwenyewe hawezi kukisimulia hadi mwisho. Mahali fulani "mimi" lazima inyamaze, na kinachobaki kitufikie kwa njia nyingine. Tafuta mstari huo, uupigie alama kwa penseli. Soma aya mbili kabla yake na zote zinazoufuata, kisha ujiulize: nani sasa ana mamlaka ya kusema maana ya maisha yaliyokwisha? Mwanafunzi anayeandika "Kazimoto anajiua kwa sababu ya kukata tamaa" ametaja tukio tu. Hajasema kwamba msomaji naye amepokonywa mtu aliyekuwa akimwamini tangu ukurasa wa kwanza.

Hapa ndipo linapoingia neno udhanaishi, falsafa inayouliza mtu aishi vipi katika dunia isiyompa maana iliyo tayari, na hapa ndipo mambo huharibika. Kosa la kwanza ni kulitumia kama pilipili, unanyunyiza kila mahali. Penye huzuni udhanaishi, penye pombe udhanaishi, penye mtu anayemuuliza Mungu maswali udhanaishi. Kosa la pili ni baya zaidi: kudhani falsafa hiyo inasema maisha hayana maana, kwa hiyo kufa ndilo jibu. Camus, mwandishi Mfaransa anayetajwa sana katika chambuzi hizi, alitoa mwaka 1942 kitabu chake cha insha kuhusu Sisifo, yule wa visasili vya Kigiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele, akajenga hoja kinyume kabisa: anauanza mjadala kwa swali la kujiua, na jibu lake ni kwamba kujiua ni kulikimbia swali. Basi ukimwita Kazimoto mfuasi wa Camus kwa kuwa amejiua, umewakosa wote wawili. Njia iliyo salama zaidi ni kumsoma Kazimoto kama mtu aliyeliuliza swali vizuri na kushindwa kuishi nalo. Hapo unaweza kumpima mwandishi bila kumfanya mhusika wake kuwa kipaza sauti.

Na hilo la kipaza sauti liko kila mahali. "Kezilahabi anaamini hakuna Mungu." Ukurasa gani? Nani alisema, akiwa wapi, akijibiwa na nani? Ukikuta maneno mazito kuhusu uhai na kifo, andika pembeni jina la msemaji kabla ya kunakili sentensi. Kazi ya sekunde tatu, na inakuepusha na makosa mengi.

Dunia Uwanja wa Fujo (1975) naipitia kwa haraka, kwa kuwa kifo chake kiko wazi zaidi. Tumaini, mwenye mashamba, anakutwa na siasa ya Ujamaa. Anaua kiongozi, naye anahukumiwa kunyongwa. Kifo hiki kina hakimu, kina sheria, kina dola nyuma yake, na ukikichambua kwa maswali yaleyale ya Kazimoto utatoka mikono mitupu. Uliza nani anamiliki ardhi. Ila usiliache jina: mwandishi amempeleka kitanzini mtu anayeitwa Tumaini, miaka 8 tu baada ya Azimio la Arusha. Halafu Gamba la Nyoka (1979), riwaya ya vijiji vya Ujamaa, inamalizia kwa kichwa chake hoja ambayo wengi hawaiulizi: nyoka akivua gamba amezaliwa upya, au ni yuleyule amebadili nguo?

Baada ya hapo kuna ukimya wa miaka zaidi ya 10 katika riwaya, na katikati yake tasnifu ya udaktari aliyoikamilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vyembamba, kila kimoja chini ya kurasa 100, na wengi huvikimbia. Wanavikimbia kwa sababu wanaingia na fomu ileile waliyoijaza kwa Rosa: wahusika, mandhari, msuko, fundisho. Fomu inarudi tupu, lawama anapewa mwandishi. Visome kwa zamu, kimoja baada ya kingine, mara mbili. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili weka alama kila msimuliaji anapovuka mpaka, kutoka kwa walio hai kwenda kwa waliokwisha au kurudi. Utagundua alama zinaanza mapema mno, na kwamba mpaka wenyewe unafifia kadiri unavyokwenda. Katika Mzingile si mtu mmoja anayekufa, ni dunia, na bado baada ya maangamizi kunabaki mwanamume na mwanamke. Mwandishi anayedaiwa kukata tamaa amemaliza riwaya yake ya mwisho kwa kuacha mbegu ardhini. Mwenye kumwita mkata tamaa aanze kwa kuueleza ukurasa huo.

Kwa anayetaka kuandika juu ya haya, chukua karatasi uichore safu tano: nani amekufa, sura ya ngapi, nani anasimulia, mistari mingapi imetumika, nani amebaki. Safu ya nne inashangaza, maana kifo kikubwa mara nyingi hupewa mistari michache huku mazungumzo yaliyokitangulia yakijaza kurasa. Safu ya tano ndiyo watu huiacha wazi. Ijaze kwa Kichwamaji, na jina litakalojitokeza ni Sabina, dada yake Manase na mke wa Kazimoto, aliyejifungua mtoto wa kichwa kilekile na kuachwa mjane. Kisha fungua uchambuzi wowote wa riwaya hiyo ulio karibu nawe, uhesabu mistari aliyopewa.