Choo kikavu kabisa, mama

Kwanza niseme wazi kosa lilikuwa langu, sitaki mtu aje kuwalaumu Wafaransa wa watu hapa. Mwenye nyumba aliandika kila kitu, ukweli mtupu, tatizo ni msomaji.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, alikuja kututembelea hapa Köln, Ujerumani, kwa viza ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza kakaa ndani anaangalia mvua dirishani, wa pili vilevile, siku moja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hivi jua la huku huwa mnalifungia wapi?" Sasa we ndo mkwe, umebeba boksi miaka tisa, unaulizwa hivyo mbele ya mkeo na mtoto, utajibu nini. Nikasema mama tulia, wiki ya kwanza ya mwezi wa nane nina likizo, nakupeleka Ufaransa kusini, huko jua linazama saa tatu usiku, na bahari ipo. Bahari niliitaja mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha.

Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta. Nikaanza na Nice yenyewe, ule mji wa pwani, maana jina nalijua, nikaona bei ya hoteli za pale mwezi wa nane, nikafunga kompyuta, nikanywa maji, nikafungua tena. Ndo nikagundua kuna kitu kinaitwa gîte, yaani nyumba nzima ya shamba unapangishwa kwa wiki, Jumamosi mpaka Jumamosi, unajipikia mwenyewe. Bei za kibinadamu. Tatizo matangazo yote Kifaransa na mimi Kifaransa changu kinaishia bonjour.

Hapa naomba mnielewe. Jirani yetu ghorofa ya pili ni ndugu wa Bukavu, Kifaransa amesoma tangu shule ya msingi, akasema niletee nikusomee, dakika tano tu. Nikakataa. Nikamwambia kaka siku hizi kuna programu za kutafsiri, usijisumbue. Kiburi tu, hamna kingine.

Nikaipata nyumba. Ya mawe, madirisha ya bluu, mzabibu umetambaa mlangoni, euro 480 wiki nzima wakati zingine zote zinaanzia 900. Programu ikanitafsiria: nyumba ya asili, ipo kwenye utulivu, ina bwawa, vyoo vikavu, kilomita 9 kutoka Nyons, "Nice Ndogo".

Nice Ndogo! Nikajua tayari, hiki ni kitongoji cha Nice, kama vile mtu aseme Mbagala, kutoka hapo unapanda daladala dakika ishirini unakanyaga mchanga. Halafu vyoo vikavu. We fikiria mwenyewe, mtu aliyekulia kwetu akisikia choo kikavu anaona nini? Anaona vigae vinang'aa, hakuna maji yametapakaa sakafuni, huvuki kwa ncha za vidole kama choo cha stendi. Nikasema huyu mwenye nyumba mstaarabu, mpaka ukavu wa choo kautaja kwenye tangazo. Nikalipa. Asubuhi nikamtangazia mama mkwe mezani, "Mama, choo kikavu kabisa." Akaniombea dua.

Tukaondoka Jumamosi saa kumi alfajiri. Kumbe Ufaransa wana taasisi ya serikali inaitwa Bison Futé, kazi yake kuzipaka rangi siku za barabarani, kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Nyeusi ni ile Jumamosi ya katikati ya Julai na Agosti ambapo wa Julai wanarudi nyumbani na wa Agosti wanaenda, wote barabara moja. Mimi nilichagua nyeusi. Kuanzia Lyon kushuka, ile A7 wanaiita Barabara ya Jua, na kweli jua tulilipata, tumesimama juu ya lami digrii 36 na viyoyozi vya gari yangu vimekufa tangu mwaka juzi. Na kila mkisogea kidogo kuna kibanda cha kulipia. Ujerumani barabara kuu magari madogo bure, kule unalipa, mama kila nikitoa kadi anauliza, "Hapa napo umenunua nini?"

Jipiesi ikasema toka, Montélimar Sud. Nikatoka. Tunaingia ndani, mizabibu, mizeituni, kilima, kilima kingine. Mama nyuma: "Bahari iko upande gani mwanangu?" Nikamwambia nyuma ya vilima hivyo mama. Tukapita vilima. Kuna vilima vingine. Mke wangu akachukua simu yake, akawa kimya muda mrefu, nikajua hapa pana jambo. Akaninong'oneza, "Baba watoto, bahari ya Nice kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 250."

Kumbe Nyons wanaiita Nice Ndogo kwa sababu ya hali ya hewa. Milima imeukinga mji na upepo, jua tele, mizeituni imestawi. Ni sifa tu! Kama mtu wa kwetu anavyosema Lushoto ni Ulaya, halafu mjinga mmoja anapanda basi la Lushoto na pasipoti mkononi.

Nikanyamaza. Mama sikumwambia. Nilisema nitamwambia kesho akishalala vizuri, akishaoga, akishaingia kwenye choo kikavu.

Tulifika saa mbili na nusu usiku, jua bado lipo kweli. Mwenye nyumba, mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya majani, ametusubiri na mbuzi wake kama kumi na tano wanatuangalia. Mzee mkarimu jamani, katupa jibini ya mbuzi, katuonyesha jiko, vitanda (magodoro matupu, mashuka unakuja nayo mwenyewe, na hilo pia liliandikwa), akatuonyesha bwawa. Bwawa lilikuwa karo la mawe la kunyweshea mifugo la zamani, limejaa vyura. Halafu akatupeleka nje, nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mbao chenye kitundu cha umbo la moyo mlangoni. Akafungua kwa madaha.

Ndani kuna kiti cha mbao kimetobolewa. Chini ya tundu kuna ndoo. Pembeni kuna pipa la maranda, yale yale maranda ya kufugia kuku, na juu yake kikombe.

Mzee akaanza kuonyesha kwa vitendo. Unakaa, unamaliza, unachota kikombe, unamwaga maranda. Akarudia mara mbili kwa msisitizo. Mtoto wangu akapiga makofi. Mke wangu kaangalia pembeni. Mimi sikuthubutu kugeuza shingo nilikojua mama mkwe kasimama, nasikia tu pumzi.

Mama akasema taratibu, "Nimezaliwa Muheza, choo cha shimo. Mungu akajalia tukahamia Tanga mjini, nikapata cha maji. Nikapanda ndege mbili." Akatulia. "Nimekuja Ulaya kuanza upya na ndoo."

Usiku nikampigia jirani. Nikamsomea maneno herufi kwa herufi, toilettes sèches. Kimya kidogo, halafu nikasikia simu imeanguka, halafu kicheko kwa mbali, halafu mke wake naye anauliza kuna nini naye anaanza kucheka. Aliporudi akasema, "Kaka, ile haiko choo ya maji, iko ya maranda. Watu ya mazingira ndo wanapenda ile sana." Nikamwambia nimeshaona, ahsante. "Si nilikuambia ulete nisome?" Nikakata simu.

Mashuka nayo. Mama alikuwa na doti za khanga za zawadi kwa marafiki wa binti yake, zikafunguliwa zote zikatandikwa kama mashuka. Ya kwangu niliyogawiwa imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Sijui kama alichagua. Nadhani alichagua.

Tatizo la kwanza likawa maji. Mama hawezi kwenda haja bila kopo lake, na kile choo ukimwaga maji umekiharibu, kinaanza kunuka, ndo maana kinaitwa kikavu. Ikabidi awe anatoka kule kajifunga khanga mbili anakimbilia bafuni ndani, na mbuzi wanamsindikiza. Lakini kubwa zaidi lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, ambayo niliipuuza mpaka Jumatatu harufu iliponikumbusha. Nikaipiga picha, nikatafsiri. Inasema: mgeni ndiye anayemwaga ndoo kwenye lundo la mboji, nyuma ya mtini, kila baada ya siku mbili.

Kwa wasioelewa uzito wa hili jambo: mimi ni mkwe. Kwetu mkwe na mama mkwe kuna adabu yake, hata kupita nyuma yake wakati anakula naona aibu. Sasa kwenye ile ndoo michango ni ya watu wanne na mmoja wao ni yeye.

Nikapanga mkakati. Saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajaamka, nabeba, namwaga, narudi kulala, hakuna atakayejua. Jumanne nikaamka gizagiza, nikavaa glavu za kuoshea vyombo za pinki, nikaichomoa ndoo. Sikujua uzito wake. Maranda yakilowa yanakuwa kama zege. Nashika mpini kwa mikono miwili, natembea kama bata, ndoo ipo mbele yangu, uso nimegeuzia Italia, nakata kona ya mtini na nani kasimama pale, kajitanda khanga, anachuma tini za kifungua kinywa?

Tukaangaliana.

Mikono yote imeshika ndoo, kuiweka chini siwezi maana ni mteremko. Adabu ni adabu, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama mama."

"Umebeba nini alfajiri hii?"

Sasa hapo ungejibu nini? Nikasema, "Mbolea mama." Mbuzi mmoja akaja kuchungulia kwenye ndoo, akanusa, akapiga chafya, akaondoka zake. Mama akaangalia ndoo, akaangalia glavu, akaangalia tini zake, akaziweka chini taratibu zote. Kisha akasema, "Pita baba, nisikucheleweshe," akanigeuzia mgongo mpaka nilipomaliza. Hiyo heshima sitaisahau. Siku ile tuliepukana mpaka saa nane mchana, tukiongea kwa kupitia mtoto.

Jioni ndo akashika hatamu. Alinikuta nachoma kuku kwenye makaa, akasubiri yakazima, akakusanya majivu kwenye sufuria kuukuu, akaenda nayo kibandani. Majivu na maranda nusu kwa nusu. Wallahi harufu ilikata siku hiyo hiyo. Yule mzee alipokuja asubuhi kuwatoa mbuzi akaonja hewa, akaingia, akatoka, akauliza kwa mikono kulikoni, mama akamwonyesha majivu. Wakasimama pale robo saa nzima, huyu Kifaransa, huyu Kiswahili cha Tanga, wanaelewana vizuri kuliko mimi na programu yangu. Mwisho mzee kavua kofia.

Alhamisi ni siku ya soko Nyons, tukaenda. Kuzuri, sisemi uongo, kuna daraja la mawe la upinde mmoja lilikamilika mwaka 1409 na bado limesimama, na zeituni nyeusi zilizokunjamana kama ngozi ya bibi, tamu ajabu. Mama kasalimia kila muuzaji. Meza moja ya lavenda, yale maua ya zambarau, yule dada kamnusisha kifurushi, mama akafumba macho, akanusa kwa utaratibu, akaniambia, "Mbona kama dawa ya choo?" Na mashamba ya hayo maua niliyomwahidi yalikuwa yameshavunwa, mistari mitupu, kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule.

Bahari ikabidi niiseme. Nilimwambia pale darajani. Akaangalia mto Eygues chini, mawe meupe na maji ya kufika magotini, akavua viatu, akashuka, akaingiza miguu. Maji ya baridi hatari. Akasema, "Haya. Hii ndo bahari yako?" Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Basi tumefika."

Jumamosi asubuhi tunafungasha, mzee akaleta daftari lao la wageni, kila anayeondoka anaandika neno. Akampa mama kwanza, mimi hata hakuniangalia. Mama kavaa miwani, kaandika mistari minne kwa mwandiko wa darasa la saba la zamani, ule wa kuunganisha. Nikachungulia begani kwake. Kaandika:

"Jua tumeliona, ahsante. Choo ni kama cha kwetu Muheza, ila kwetu mgeni hamwagi. Majivu usiache. Bahari hatujaiona, mkwe wangu hajui kusoma."

Mzee akanigeukia na macho ya kuuliza, nikaweka mkono kifuani nikamwambia merci, merci, anasema merci sana. Mzee akatabasamu, akaingiza mkono mfukoni akatoa simu, akaielekezea kwenye ukurasa.

Na siku hiyo, ndugu zangu, programu ilitafsiri vizuri. Haikukosea hata nukta.