Shahidi wa Saa Zisizo na Barua

Mbwa hajui kusoma. Hilo ndilo pingamizi la kwanza dhidi ya Flush, kitabu alichokitoa Virginia Woolf mwaka 1933. Kinasimulia mapenzi ya washairi wawili wa Kiingereza, Elizabeth Barrett na Robert Browning, kwa kufuata maisha ya Flush, mbwa aliyekuwa akilala miguuni pa Elizabeth. Mapenzi yale yalianza kwa barua. Tarehe 10 Januari 1845 Browning alimwandikia mwanamke ambaye hajapata kumwona, akamwambia anayapenda mashairi yake kwa moyo wote, na yeye mwenyewe pia anampenda. Yakaendelea kwa barua, 573 katika miezi 20, ambazo mtoto wao alikuja kuzichapa mwaka 1899. Sasa hazina yote hiyo inakabidhiwa kiumbe ambaye kwake barua ni karatasi yenye harufu ya mkono wa mtu.

Woolf naye aliwapa wapinzani wake fimbo ya kumpigia. Alimwandikia rafiki yake kwamba kitabu kile ni mzaha tu. Alikuwa amechoshwa na riwaya yake ya mwaka 1931, akajilaza bustanini kusoma barua za akina Browning, na yule mbwa akamchekesha hata akashindwa kujizuia. Tangu hapo Flush amewekwa rafu ya chini, pamoja na vitabu vya zawadi.

Wanaokishusha wana hoja, na haifai kuzipita haraka. Mbwa wa kweli aliibwa mara tatu, katika miaka ya 1843, 1844 na 1846. Woolf ameufanya wizi kuwa mmoja, na anakiri hivyo katika maelezo yake. Anampa mbwa wivu, fedheha na majuto ya kibinadamu. Panapotakiwa tarehe au jina la mtu, msimulizi humtoka mbwa na kusema kwa sauti yake mwenyewe, kisha hurudi. Na yako mambo ambayo pua haiyafikii kabisa. Utajiri wa akina Barrett ulitokana na mashamba ya miwa ya Jamaika, yaani jasho la watumwa. Elizabeth alilijua hilo na lilimkera. Shairi lake kuhusu mwanamke mtumwa aliyetoroka lilitoka katika toleo la mwaka 1848 la kitabu cha kila mwaka cha wapinga utumwa wa Marekani. Mbwa hunusa zulia, hanusi fedha iliyolinunua. Pengo hilo ni la kweli.

Lakini wanaoziona barua kuwa ushahidi kamili hujisahaulisha barua ni kitu gani. Barua huandikwa na watu waliotengana. Wakiwa chumba kimoja hawaandikiani. Browning alimtembelea Elizabeth mara 91 kabla ya ndoa, na tunaijua idadi kwa sababu alikuwa akiandika siku na saa juu ya bahasha za barua za Elizabeth. Ziara ya kwanza ilikuwa tarehe 20 Mei 1845, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na nusu. Tukadirie kila ziara kwa muda huohuo: tunapata zaidi ya saa 130 za watu wawili katika chumba cha nyuma, ghorofani, nyumba namba 50 ya Wimpole Street, London, wakati baba mwenye nyumba, aliyewakataza watoto wake wote kuoa na kuolewa, yuko kwenye shughuli zake mjini. Saa 130! Hapo ndipo penzi lenyewe lilipokomaa, na kumbukumbu yake iliyobaki ni vijitarakimu juu ya bahasha na vidokezo vya hapa na pale katika barua za kesho yake. Hata barua ambayo Browning aliiandika mara baada ya ziara ile ya kwanza haipo. Ilikuwa na maneno mazito mno. Elizabeth akamrudishia, naye akaichoma moto.

Mle chumbani alikuwamo kiumbe wa tatu, spanieli wa rangi ya dhahabu aliyetolewa zawadi na mwandishi Mary Russell Mitford ili amliwaze Elizabeth, ambaye mwaka 1840 alifiwa na kaka yake aliyezama baharini. Baada ya ndoa ukimya wa barua ukazidi, kwa kuwa mume na mke karibu hawakutengana tena hadi Elizabeth alipofariki tarehe 29 Juni 1861. Katika miaka hiyo 15 ya ndoa, Flush aliishi nao ile minane ya kwanza. Basi ukiuliza nani alikuwapo barua zilipokoma, jibu ni mtumishi Wilson na mbwa.

Woolf aliiona nafasi hiyo, na hakuijaza kwa porojo. Katika hekaya zetu sungura husema, fisi hujibu, simba hutoa hukumu. Flush hasemi lolote. Anachojua kinapitia puani kwanza, kisha masikioni, mwisho machoni. Mpangilio huo unaafikiana na maumbile: mbwa huona vizuri buluu na manjano, nyekundu humfifia, na chembe zake za kunusia ni mamilioni mengi kuliko za mwanadamu. Kwa hiyo mapenzi yanamfikia kama badiliko la chumba. Hodi ya mpeleka barua usiku inaanza kusubiriwa. Mkono uliozoea kumpapasa unasahau. Anasikia sauti mbili zikipanda na kushuka, hajui zinasema nini, ila anajua kwamba yeye hamo. Msomaji anayejua zile barua anaelewa kila kitu. Mbwa anaelewa kwamba ametengwa. Katika pengo hilo kati ya wawili hao ndimo lilimo penzi lenyewe, bila neno moja la mahaba.

Woolf analalamika kwamba washairi wakubwa wa dunia hawajanusa ila waridi upande mmoja na samadi upande wa pili, na lugha yake imewanyima maneno ya kati. Kiswahili kimejaliwa kidogo zaidi. Tunayo shombo ya samaki, vumba, kikwapa, kutuzi, uvundo. Atakayeifasiri sura ya Florence, mji wa Italia walikohamia baada ya ndoa, hatakuwa mikono mitupu, ingawa hata sisi tungeishiwa mapema katika vichochoro ambavyo Flush anavijua kwa pua na nyayo.

Sasa tuje kwenye wizi wa Septemba 1846, maana hapo ndipo anayemdharau mbwa anapokosea zaidi. Genge la wezi wa mbwa chini ya mtu aliyeitwa Taylor lilimnyakua Flush na kudai gini 6. Utaratibu wao ulijulikana London nzima: mbwa wa nyumba za kitajiri anaibwa, ujumbe unaletwa, bei inatajwa, na anayechelewa anaonywa kwamba atapelekewa kichwa na miguu ndani ya kifurushi. Baba alikataa fidia isilipwe. Browning naye alimwandikia kwamba kulipa ni kuwalea wanyang'anyi. Elizabeth akamuuliza: majambazi wa Italia wakinikamata mimi, nawe utakaa kubishana nao bei? Kisha mgonjwa huyu, aliyeishi miaka kwenye kochi, akapanda gari la farasi pamoja na Wilson hadi kwenye mitaa ya wezi mashariki mwa jiji, akaomba kuonana na Taylor. Hakumkuta, alitoka mkewe. Jioni Taylor akaja mwenyewe Wimpole Street. Kaka mmoja wa Elizabeth akamtukana mlangoni, Taylor akaondoka kwa hasira bila fedha, na ikabidi kaka mwingine aende kumaliza shauri.

Hesabu ya fedha ile inafaa kuangaliwa polepole. Gini moja ni shilingi 21, kwa hiyo gini 6 ni shilingi 126. Wilson alilipwa pauni 16 kwa mwaka, yaani shilingi 320, na Elizabeth alimwona kuwa mtumishi wa gharama. Fidia ya mara moja ilikula karibu miezi mitano ya mshahara wa mwanamke aliyeketi naye garini siku ile. Ukijumlisha mara zote tatu, Woolf anataja pauni 20. Hizo ni shilingi 400, mshahara wa Wilson wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Wasomaji wa mapenzi haya humtaja Wilson kwa sentensi moja, kama mzigo uliobebwa. Woolf, kwa kuwa alishuka hadi kimo cha mbwa, cha sentimita 40 hivi, alikutana na watumishi njiani. Ni kitabu hiki cha mbwa kilichomwandikia Wilson maelezo marefu kuliko maelezo yote ya mwisho wa kitabu.

Wapo watakaosema sura ya wizi inawachora maskini wa Whitechapel, mtaa wa mashariki mwa London, kama wanyama. Kwa sehemu ni kweli, na inauma. Hata hivyo Woolf anaweka bayana kwamba mitaa ile ilipakana na ya matajiri, na kwamba kufuata tu desturi ya kulipa kimyakimya kungewafanya wote wawili, tajiri na mwizi, waendelee kuishi bila kutazamana. Elizabeth alikwenda akatazama. Tarehe 12 Septemba 1846, siku chache tu baada ya Flush kurudi, alifunga ndoa kwa siri katika kanisa la St Marylebone. Mbwa hakuwapo kanisani, na Woolf hamsingizii kuwapo. Anachokiona Flush ni bibi yake akirudi, akivua pete ya dhahabu na kuificha. Juma moja baadaye waliondoka kwenda Italia, mbwa naye kimya, asibweke.

Mimi naona mwanamke asiyethubutu kwenda kwa Taylor asingethubutu kwenda Italia, na ujasiri ule ulijaribiwa kwanza kwa ajili ya mbwa, kinyume cha maneno ya wanaume wote wawili aliowaheshimu. Browning alikuwa na haki kwa kanuni. Ila kanuni ile ilimtaka mwingine aumie.

Anayetaka kupima mwenyewe, asome sura ya 4 ya Flush sambamba na barua za juma la kwanza la Septemba 1846. Katika sura ataona giza, mbwa wengine waliofungiwa, na maji ya kijani ndani ya ndoo. Katika barua ataona hoja za Browning, safi na ndefu, na kisha Elizabeth akieleza kwamba Flush amerudi mchafu na amekonda, akakiendea kikombe chake cha zambarau, akanywa maji hadi kikajazwa mara tatu.