Fahali wa Matanga na Amani ya Boma

Agosti iliyopita tulimzika baba mdogo huko Nyakach, na fahali watatu wakachinjwa. Wa kwanza alitoka katika zizi la marehemu mwenyewe, wa pili aliletwa na wakwe, wa tatu alinunuliwa kwa mkopo. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22 anayesoma Chuo Kikuu cha Maseno, alijitenga chini ya mwembe na sahani ya ugali na mlenda. Mzee mmoja akamuuliza kama tumbo linamsumbua. Kijana akaeleza kwamba siku hizi yeye ni vigani: hali nyama wala samaki, hali mayai, hanywi maziwa, hata asali haigusi.

"Hilo ni kanisa gani?" mzee akauliza.

"Si kanisa, babu. Ni amani. Watu wakizoea kumwaga damu ya mnyama kila siku, ya mwenzao haiwatishi tena."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka nusu, maana yule fahali wa tatu mdhamini wake nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipima kauli ya kijana huyu. Naona ina ukweli, ila ukweli wenyewe hauko pale alipouelekeza.

Swali la mzee halikuwa la kijinga. Neno vigani lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson, mwalimu wa useremala, pamoja na wenzake wachache. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa bado vinapiganwa, na Watson alikuwa miongoni mwa waliokataa kushika bunduki kwa sababu ya dhamiri. Kwa hiyo mlo huu na upinzani dhidi ya vita vimejuana tangu utotoni. Lakini kuacha nyama kwa ajili ya imani hakukutufikia kupitia intaneti. Wasabato walifungua misheni yao ya kwanza nchini Kenya pale Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na hadi leo kanisa lao huwashauri waumini wapendelee vyakula vya mimea, ingawa haliwalazimishi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara Wahindi waliifuata, wakiwemo Waoshwal wa dini ya Kijaini ambao nguzo ya imani yao ni ahimsa, yaani kutomdhuru kiumbe yeyote. Marasta nao wana aitali, mlo wao wa mimea.

Kuna pia kikwazo cha lugha. Kwetu "mboga" ni chochote kinachoteremsha ugali. Siku mpwa wangu alipomwambia shangazi yake kwamba sasa anakula mboga tu, aliletewa omena, wale dagaa wa ziwani.

Turudi kwenye hoja. Watetezi wa mlo huu humtaja Gandhi, na wapinzani huwajibu kwa Hitler, ambaye katika miaka yake ya mwisho alikuwa ameacha nyama. Mjadala wa namna hiyo haufiki popote. Gandhi mwenyewe alikunywa maziwa ya mbuzi, na mlo wa mtu mmoja, awe mwema au katili, hautuambii kitu kuhusu jamii nzima.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Marekani. Mwaka 2009 mwanasosholojia Amy Fitzgerald na wenzake walichapisha uchunguzi wa kaunti 581 za huko, kwa takwimu za mwaka 1994 hadi 2002. Waliona kwamba ajira za vichinjio zinapoongezeka mahali, watu wanaokamatwa kwa uhalifu nao huongezeka, ukiwemo uhalifu wa kutumia nguvu na ubakaji. Walipolinganisha na viwanda vingine vya kazi ngumu na hatari, hawakuona jambo hilo. Mpwa wangu angesema kesi imekwisha. Mimi nasema ngoja kidogo. Kichinjio cha Marekani ni kiwanda, mtu husimama mahali pamoja akirudia pigo lile lile kwa mnyama baada ya mnyama hadi zamu iishe. Mchinjaji wa kwetu huchinja wachache, hutaja jina la Mungu, na adabu ya Kiislamu humkataza hata kunoa kisu mbele ya macho ya mnyama. Kinachomfanya mtu sugu hapo naona ni wingi na haraka. Lakini miji yetu inakua na walaji wanaongezeka, na sioni ni nini kitakachozuia wingi na haraka visitufikie na sisi.

Na mahali pengine vimeshatufikia. Mwaka 2016 kilifunguliwa kichinjio cha punda Naivasha, kaunti ya Nakuru, na vingine vikafuata sehemu nyingine za nchi. Kilichotafutwa hasa ni ngozi, ambayo huchemshwa Uchina ili kupata gundi ya dawa iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukafumuka. Watu waliojipatia riziki kwa mkokoteni wa maji waliamka asubuhi wakakuta mnyama hayupo, au wakakuta mzoga uliochunwa. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021, kisha mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Aliyepoteza punda Naivasha hakuwa tajiri wa mtaa. Alikuwa yule ambaye mnyama mmoja ndiye ukuta pekee kati yake na njaa.

Wizi wa ng'ombe nao umebadilika. Zamani uvamizi ulikuwa wa kujaza zizi na kulipa mahari, na wazee walijua waende wapi kuzungumza. Siku hizi mifugo iliyoibwa hupakiwa lori usiku na kupelekwa kuuzwa mjini, na risasi zimechukua nafasi ya mishale. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa Baragoi, kaunti ya Samburu, walipokuwa wakifuatilia ng'ombe walioibwa. Mtu anayeagiza nusu kilo ya choma Nakuru hajui ng'ombe huyo alitoka wapi, na kusema kweli hapendi kuulizwa. Hapa vigani anaweza kusema kitu ambacho mimi siwezi: mikono yake haimo.

Hata samaki, ambaye watu wa ziwani hawamhesabu kuwa nyama, ana yake. Migingo ni kisiwa cha mwamba katika Ziwa Victoria kisichofika ekari moja, na kwa miaka mingi Kenya na Uganda zimekivutania kwa sababu ya mbuta wanaovuliwa kandokando. Kwenye fuo zetu kuna jaboya, mpango ambao mwanamke mchuuzi hulazimika kulala na mvuvi ili auziwe samaki. Nimewahi kumsikia mtu akisema huo ni uhusiano wa kibiashara. Mwanamke asiyeweza kukataa bila kulala njaa hana biashara hapo, na ufuo wa namna hiyo siuiti wa amani hata kama hakuna rungu lililoinuliwa.

Hadi hapa kijana anashinda. Tatizo linaanza tukiuliza kama kuiondoa nyama kungeondoa haya.

Kati ya mwaka 2006 na 2008 mamia ya watu waliuawa Mlima Elgon, wengine wakakatwa masikio, kwa ugomvi wa ugawaji wa mashamba ya Chebyuk. Mashamba yale ni ya mahindi, viazi na vitunguu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliopoteza maisha nchini, na Nakuru na Kisumu zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Hakuna aliyekuwa akigombea mnofu. Watu waligombea ardhi, kura na dhuluma za miaka mingi, na wengi wa vijana waliofunga barabara walikuwa wameshindia ugali na sukuma wiki kwa sababu nyama hawakuimudu. Ikiwa kutokula nyama kungemtuliza mtu, mitaa yetu ya mabanda ingekuwa na amani kuliko Milimani kwa matajiri.

Kisha watazame Wamaasai, ambao mlo wao wa asili ni maziwa, nyama na damu. Wanapotaka kusimamisha ugomvi, mtu hung'oa nyasi na kuzishika mkononi. Nyasi ni takatifu kwa sababu ng'ombe huzila. Ukimwondoa ng'ombe, nyasi hizo zinabaki magugu, na ile ishara inakosa maana. Watetezi wa mimea hupenda kutaja uchunguzi wa mwaka 2018 ulioonyesha kwamba ufugaji duniani unachukua takriban asilimia 83 ya ardhi ya kilimo na kutoa asilimia 18 tu ya kalori. Hesabu hiyo ni nzito, na kwa Brazili au Marekani naikubali. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Mwambie mfugaji wa Baringo aache mbuzi apande maharagwe, na utakuwa umeanzisha vita vipya vya kugombea maji.

Kuna pia suala la watoto. Mwaka 1998 ulianza utafiti katika shule 12 za Embu. Wanafunzi wengine walipewa githeri, yaani mahindi na maharagwe, yenye nyama, wengine wakapewa maziwa, wengine githeri ya mafuta tu. Waliopewa nyama walipiga hatua kubwa zaidi katika mtihani wa kufikiri, na uwanjani walicheza kwa nguvu zaidi. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, na wanaokula mimea pekee huhitaji kuitafuta kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa virutubisho. Mwanafunzi mwenye simu na marupurupu ataweza. Mama wa Nyalenda, mtaa wa mabanda wa Kisumu, mwenye watoto wanne ana omena, na sitakuwa mimi wa kumwambia aiache.

Ila kuna sehemu ya mjadala huu ambayo watu huipita haraka, nayo ni jinsi nyama inavyogawanywa. Kwa Waluhya, kuku akipikwa, imondo, yaani firigisi, ni ya mwenye nyumba au ya mgeni anayeheshimiwa. Watu hulifanyia utani, lakini nimeona kikao cha posa kikiingia baridi kwa sababu imondo ilitua kwenye sahani isiyo yake. Zamani, kwa Waluhya na kwa Wajaluo pia, mwanamke alimfuga kuku, akamchinjisha, akampika, na hakuruhusiwa kumla. Mayai vilevile. Wazee husema mgao huo ulifundisha heshima, kila mtu akijua nafasi yake, na boma likatulia. Nakubali kwamba lilitulia. Nauliza tu nani alilipia utulivu huo. Mlenda na mnavu havina imondo. Kila mtu huchota chungu kimoja, na sijawahi kuona ndugu wawili wakinuniana kwa sababu ya kijiko cha mlenda.

Ndiyo maana nadhani mpwa wangu alilenga pabaya. Alimlaumu anayekula, ilhali yule fahali wa tatu hakuna aliyemhitaji tumboni. Mabaki yalikuwepo hadi siku ya pili. Alichinjwa kwa sababu jirani alichinja watatu mwaka jana, na kwa sababu mama mdogo, mjane wa siku tano, hakuwa na sauti ya kusema hapana mbele ya wanaume waliokuwa wakipanga heshima ya marehemu. Sasa ana mkopo, zizi lina ndama mmoja, na watoto wawili wa kiume wanalaumiana ni nani aliyeagiza. Hawajazungumza tangu Septemba.

Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali iliweka kikomo cha waombolezaji, mwanzoni watu 15. Tulilia sana, maana kumzika mtu mzima haraka bila tero buru, bila wale ng'ombe wanaokimbizwa kwa mikuki na nyimbo kufukuza mauti, kulionekana kama kumtupa. Maumivu yale ni ya kweli, na anayesema matanga ni upotevu tu hajawahi kufiwa ugenini. Hata hivyo, katika ukoo wetu wajane wawili waliofiwa mwaka ule bado wana ng'ombe wao. Mmoja aliuza maziwa akamlipia binti karo ya chuo. Sijasikia ugomvi katika boma zile mbili.

Angalia kwamba ng'ombe hao wanakamuliwa. Vigani kamili hawezi kuwaita ushindi wake. Na mimi siwezi kukana kwamba walinusurika kwa sababu, kwa miezi michache, hakuna aliyeruhusiwa kudai nyama. Kama vigani wa Kisumu wangekuja kwenye vikao vya matanga, wakasimama pamoja na wajane na kupigania idadi ya fahali, naamini wangeleta amani zaidi kuliko kwa kukaa chini ya mwembe na sahani safi. Wangetukanwa, bila shaka. Mimi nilikuwa kwenye kikao kile, najua fahali hao walikuwa wa nani, na bado nilitia sahihi.

Aprili tutafanya ukumbusho wa baba mdogo. Safari hii mama mdogo ameamua mwenyewe: nyoyo (ndiyo githeri ya Wajaluo), mgagani na kuku wawili wa kienyeji, basi. Mpwa wangu alifurahi mpaka nilipomkumbusha kwamba mgagani wa mama mdogo hulala kwenye maziwa siku mbili ili uchungu utoke. Ameomba atengewe chungu chake. Na mkwe wetu wa Vihiga ameshapiga simu kuuliza, kwa utani anasema, zile imondo mbili zitakuwa za nani.